Nimetoka kwenye baiskeli ya milimani nikajaribu saiklokrosi kwa mara ya kwanza: mrejesho kamili

Mnyongaji wa Uru

Wakuu, habari za jioni. Niliahidi kwamba nikishajaribu saiklokrosi nitaleta mrejesho. Nimejaribu Jumamosi iliyopita, mwili umeshapoa, sasa nimekaa niandike.

Kwa wasionifahamu, huu ni mwaka wangu wa saba kwenye baiskeli ya milimani. Njia zangu ni Uru, Materuni, Kibosho, na kushukia Rau. Tairi zangu ni za inchi 2.3, shokapu ipo mbele, na nimezoea mlima wa saa nzima na nusu kwa gia nyepesi, halafu mteremko. Saiklokrosi nilikuwa naiona kwenye simu tu: Wabelgiji wanakimbia kwenye tope na baiskeli begani. Nilidhani ni mbio za milimani zilizofupishwa. Nilikosea sana.

Ni mbio za kuzunguka. Kwenye mashindano makubwa mzunguko mmoja ni kilomita 2.5 hadi 3.5, ndani yake kuna nyasi, tope, mchanga, vilima vifupi vikali na vizuizi vya kukushusha. Kwa sheria za UCI, yaani shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, ubao wa kuruka hauzidi sentimita 40 na tairi haizidi upana wa milimita 33, yaani zaidi kidogo tu ya nusu ya tairi langu. Baiskeli inafanana na ya resi, usukani umepinda chini, shokapu hakuna hata moja. Wakubwa wanakimbizana kama saa moja. Sisi tulipangiwa dakika 40.

Zetu hazikuwa na jina wala kombe. Tulikuwa watu 19 kwenye shamba moja nje kidogo ya Usa River. Mwenye shamba anaipenda baiskeli, akafyeka nyasi, akapigilia vigingi na kufunga utepe. Ijumaa mvua ilinyesha usiku kucha. Waliokuja na baiskeli za milimani waliruhusiwa, kama ilivyo kwenye mbio nyingi za ngazi ya mtaani huko Uingereza na Marekani. Mimi niliazimwa saiklokrosi na jamaa wa Arusha tunayelingana urefu.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni pumzi. Mlimani unapanda taratibu, moyo unapata mwendo wake, na ukifika juu mteremko unakurudishia nguvu. Kule Usa hakukuwa na pahali pa kurudishiwa kitu. Unakata kona, unanyonga kwa nguvu zote sekunde nane, unashika breki, unakata kona nyingine, unanyonga tena. Miguu yangu ya mlimani ilikuwa na stamina ya kutosha, ila haikuzoea kuwashwa na kuzimwa mara mia kwa nusu saa. Dakika ya kumi nilikuwa napumua kwa mdomo wazi.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi huu ni mfereji.

Katikati ya njia kulikuwa na mfereji wa zamani wa kumwagilia, kwetu tungeuita mfongo, maji yameshakauka. Unashuka kama mita moja, chini pana tope jeusi, halafu kingo ya upande wa pili inakupandisha mita mbili na nusu hivi, wima karibu kama ngazi. Nilipouona kwenye mzunguko wa kujaribu nilifurahi. Hiki ndicho ninachokijua! Mtu wa milimani hashuki kwenye baiskeli. Tumelelewa hivyo: ukiweka mguu chini, umeshindwa na njia.

Mzunguko wa kwanza nikaingia na kasi, nikapanda hadi robo tatu, tairi la nyuma likateleza, nikasimama. Kushuka pale kwenye mwinuko, baiskeli inarudi nyuma, mguu umenasa kwenye pedali, nyuma kuna watu wawili wananisubiri. Mzunguko wa pili nikafika juu kabisa, lakini nilitumia nguvu zote nilizokuwa nazo na nikatambaa mita hamsini zilizofuata. Wa tatu nikaanguka ubavu.

Wa nne nilimtazama mama mmoja mbele yangu, mtu mzima kunizidi. Mita kumi kabla ya mfereji alikuwa ameshaupitisha mguu wa kulia nyuma ya tandiko, amesimama kwa mguu wa kushoto tu, baiskeli inaenda. Akatua anakimbia. Hatua mbili kwenye tope, mkono wa kulia ukapita chini ya bomba la juu la fremu, baiskeli ikalala begani, hatua sita kwenye kingo, akaishusha, akaruka juu ya tandiko, akaondoka. Nilifanya kama yeye, vibaya vibaya, na bado nilitoka pale nikiwa na pumzi.

Rafiki yangu alikuwa amesimama kwenye utepe na simu yake, ananipimia muda kutoka kigingi kimoja hadi kingine. Mzunguko wa pili, ule niliopanda bila kuweka mguu chini, nilitumia sekunde 19. Wa tano, kwa kukimbia, sekunde 12. Sekunde saba kwa kila mzunguko, na mizunguko ilikuwa sita. Nilimaliza wa 11. Wa 9 na wa 10 walikuwa mbele yangu kwa sekunde chache tu.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu wa milimani: ufundi wenu wa kona, wa kutazama mbali, wa kuiachia baiskeli icheze chini yenu, wote unahamia kule na mtawapita watu wa resi kwenye kila kona yenye tope. Kinachobaki kujifunza ni kushuka mapema, kabla njia haijakushusha. Nimerudi Moshi nikiwa na kiu ya kulifanyia kazi hilo.

Karibuni kwa maswali.

Chalii wa Ngarenaro

Oya mangi, hongera kwa kumaliza. Lakini hapa sijakuelewa. Kama unashuka unakimbia, si ni riadha hiyo? Baiskeli ni ya kuendeshwa. Mimi ule ubao wa sentimita 40 naurusha, naivuta mbele naivuta nyuma, napita bila kugusa chini. Wazungu nao nimewaona wanarusha.

Mnyongaji wa Uru

Chalii wangu, wanarusha kweli, na ukiweza mzunguko wa kwanza utapata muda. Hata mimi kwenye mbao nilirusha mara mbili. Mara ya tatu miguu imeshachoka, tairi la nyuma likagonga ubao, nikasikia rimu. Ukigonga vibaya kwa tairi la milimita 33 lenye tyubu unapata matundu mawili yanayolingana, na siku yako imeisha. Kurusha ni silaha ya yule ambaye bado ana nguvu. Kushuka ni silaha ya dakika zote 40.

Na kuhusu riadha: kwa sheria za UCI, asilimia 90 ya njia lazima iwe inaendesheka. Kukimbia ni kipande kidogo, ila ndicho kinachotenganisha watu.

Fundi wa Kiborloni

Mkuu umeandika vizuri. Nina maswali mawili ya kifundi. Upepo wa tairi uliweka kiasi gani? Na breki zilikuwa za diski au za rimu?

Mnyongaji wa Uru

Fundi, upepo ulinifunza adabu. Nina kilo 68. Nilianza na psi 40 kwa kuogopa kupasua, kwa sababu tairi ni jembamba. Kwenye nyasi zenye mashimo baiskeli ilikuwa inarukaruka kama mbuzi, mikono ikafa ganzi. Mwenye baiskeli akanipunguzia hadi 26, na ghafla tairi likaanza kushika ardhi. Wenye tairi za tyubulesi walikuwa chini zaidi yangu. Mimi nilikuwa na tyubu, sikuthubutu.

Breki zilikuwa za diski. Kulikuwa na mmoja mwenye baiskeli ya zamani ya breki za rimu, mzunguko wa tatu tope na majani vilijaa kati ya breki na tairi hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Alibeba baiskeli hadi mwisho wa mzunguko.

Fundi wa Kiborloni

Hapo umegusa penyewe. UCI waliruhusu diski kwenye saiklokrosi mwaka 2010, na tope ni sababu kubwa ya watu kuzihitaji. Udongo wetu mweusi ukichanganyika na nyasi unakuwa kama tofali bichi. Breki ya rimu imekaa palepale tairi linapopita, kwa hiyo inakusanya. Diski imekaa kule katikati ya gurudumu, tope halifiki kirahisi.

Huko kwa wakubwa mtu anakuja na baiskeli mbili au tatu. Kuna sehemu maalumu ya kubadilishia, anaacha chafu anachukua safi, watu wake wanaosha, mzunguko unaofuata au hata nusu yake anabadilisha tena. Sisi tuna moja moja, kwa hiyo chagueni fremu yenye nafasi pana pale tairi linapopita. Hilo litazame kabla ya kutazama rangi au gia.

Na naomba sana, baada ya mbio msipeleke baiskeli kwenye mashine ya kuoshea magari na kuipuliza kwenye beringi. Yale maji yanasukuma mchanga ndani na grisi inatoka. Kila masika napokea baiskeli za namna hiyo, beringi za pedali zinalia kama mlango wa stoo. Ndoo, sifongo, brashi ya meno kwenye cheni, kausha, mafuta kidogo. Nusu saa tu.

Dada wa Tengeru

Asante kwa uzi. Mimi nilikuwepo siku ile, upande wa watazamaji, na nimetamani kushiriki. Swali langu ni la bega. Mimi ni mfupi, fremu yangu ni ndogo, nimejaribu nyumbani kupitisha mkono kwenye ile pembetatu ya fremu, hauingii. Halafu kile kishikio cha chupa kinanichoma mbavu. Mnafanyaje?

Mnyongaji wa Uru

Dada, kishikio cha chupa kitoe kabisa. Karibu wote wanatoa. Mbio hazifiki saa moja, unakunywa kabla unakunywa baada.

Kuhusu fremu ndogo, si lazima ibebwe begani. Kwenye mbao unainyanyua tu kwa kushika bomba la juu, kama unavyobeba ndoo, unaipitisha unaiweka chini. Kwenye kingo ndefu shika bomba la chini, lile linaloshuka kutoka usukani kwenda kwenye pedali, uivutie ubavuni. Yule mama niliyemfuata alikuwa na nafasi ya kuibeba begani, kila mtu na fremu yake.

Na usione ni mchezo wa wanaume. Marianne Vos wa Uholanzi ana mataji manane ya dunia ya saiklokrosi. Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa, mwaka 2015, alikuwa bingwa wa dunia wa barabara, wa saiklokrosi na wa baiskeli ya milimani kwa wakati mmoja. Na Tom Pidcock wa Uingereza alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya baiskeli ya milimani Tokyo na tena Paris 2024, na katikati hapo, mwaka 2022, akawa bingwa wa dunia wa saiklokrosi. Njia hii ya kutoka mlimani kwenda kwenye tope imeshapitiwa na watu wazito.

Mwalimu wa Sakina

Naongezea historia kidogo kwa sababu inaeleza kwa nini kushuka ni sehemu ya mchezo wenyewe. Ulianzia Ufaransa mwanzoni mwa karne iliyopita. Waendeshaji wa barabarani walitaka kulinda nguvu zao majira ya baridi, wakawa wanakata mashambani, wanavuka ua na mitaro, na pasipoendesheka wanabeba. Ubingwa wa kwanza wa Ufaransa ulifanyika 1902. Octave Lapize aliposhinda Tour de France ya 1910 alisema saiklokrosi ilimsaidia, na hapo watu wengi wakaanza kuutazama mchezo huu. Mashindano ya kwanza ya dunia yalikuwa Paris 1950, akashinda Jean Robic, ambaye Tour alikuwa ameichukua 1947.

Kwa hiyo ua na mitaro havikutengenezwa ili kumsumbua mtu. Ndivyo mashamba yalivyokuwa, kama mfereji wako.

Mzee wa Kibosho

Vijana, nimesoma uzi huu wote mwanangu akinishikia simu. Mimi sijui hizo saiklokrosi, lakini hicho alichofanya yule mama ndicho tulichokuwa tunafanya sisi kila siku.

Nilikuwa na Phoenix, ile ndefu yenye bomba la juu. Tulikuwa hatusimami ndipo tushuke. Unakaribia geti, mguu wa kulia unaupitisha nyuma juu ya tandiko, unasimama kwa mguu wa kushoto kwenye pedali, baiskeli inajiendea. Ukiweka mguu wa kulia chini tayari unatembea, mkono mmoja uko kwenye tandiko. Hata ukienda kwenye msiba ulishuka hivyo. Aliyesimama kwanza ndipo akashuka tulimjua ni mgeni wa baiskeli, au ana mkungu wa ndizi kwenye keria, maana ukiwa na mzigo mguu haupiti nyuma.

Na ni upande wa kushoto siku zote. Kulia kuna cheni, suruali itachafuka.

Mnyongaji wa Uru

Shikamoo mzee. Nimesoma ujumbe wako mara tatu.

Ni hicho hicho kabisa, hata upande. Kwenye saiklokrosi tunashukia kushoto kwa sababu gia na cheni viko kulia, ukibeba visikugonge wala kukuchafua. Na mimi ambaye baba yangu aliendesha Phoenix nimekwenda kujifunza kitu hiki kwa kutazama video za watu wa mbali. Nakumbuka baba akishuka hivyo mbele ya duka, nilikuwa nasimama barazani namngoja. Sikuwahi kumuuliza anafanyaje.

Naomba nikuulize wewe. Kupanda je? Maana kushuka nimekaribia, kupanda kwa kuruka ndiko kunakonishinda. Natua na uzito wote juu ya tandiko, inauma, na baiskeli inayumba.

Mzee wa Kibosho

Marahaba mwanangu. Sisi tulipanda kwa kusukuma. Mguu wa kushoto kwenye pedali, wa kulia unasukuma ardhi mara mbili tatu, ikishapata mwendo unaupitisha nyuma. Haturuki. Kuruka mtafundishana wenyewe.

Dada wa Tengeru

Hapa naweza kuchangia, nilimuuliza yule mama baada ya mbio. Alisema kosa la wengi ni kuruka kwenda juu, wakati mtu anatakiwa kwenda mbele. Mikono yote miwili kwenye usukani, baiskeli inatembea pamoja na wewe, unautupa mguu wa kulia na unatua kwa paja la ndani, upande wa kulia, kisha unateleza hadi katikati. Alisema tuanze kwa kutembea kwenye nyasi, polepole kabisa, mara hamsini kila siku kabla ya kukimbia. Pia alisema tuanze na pedali za kawaida, hizi za kunasa viatu zije baadaye.

Mnyongaji wa Uru

Paja la ndani! Asante sana dada. Nimetoka nje sasa hivi nimejaribu mara kumi uani, ya nane na ya tisa hazikuuma.

Kuhusu pedali, watu wa milimani wana bahati. Zile za kunasa tunazotumia sisi, zenye pande mbili, ndizo wanazotumia saiklokrosi pia, kwa sababu hazizibwi na tope kirahisi na kiatu chake kinakimbilika. Kiatu cha resi ukikimbia nacho kwenye kingo utaanguka.

Chalii wa Ngarenaro

Mangi nimewaza tangu juzi. Jana nilikwenda na wanangu kwenye korongo moja huku kwetu, tukapimana kwa simu. Kuendesha, sekunde 14. Kukimbia nimebeba, 15. Nikajua nimekushinda. Tukarudia mara nane mfululizo. Ya nane kuendesha nilitumia 22, kukimbia 16.

Nimekubali. Lakini mbao nitaendelea kurusha.

Mnyongaji wa Uru

Rusha chalii, na mimi nitakuja kujifunza kwako.

Jambo la mwisho ambalo sikulieleza vizuri ni majira. Ulaya wanakimbia kuanzia Septemba hadi Februari, kwa sababu huko ndiyo miezi ya baridi na tope. Sisi tope letu ni la masika, Machi hadi Mei, wakati ambao wengi wetu tunaning'iniza baiskeli ukutani tukisema njia za Uru hazipitiki. Ndiyo miezi tunayopaswa kuitumia. Na kiangazi mito ikipungua tuna mchanga wa kutosha kujifunzia: gia nzito kidogo, ingia na kasi, mikono ilegee, fuata alama ya tairi ya aliyetangulia.

Septemba 2025 Kigali waliandaa mashindano ya dunia ya barabara, mara ya kwanza kwa Afrika. Ni jirani zetu, na vilima vyao havina tofauti na vyetu. Mimi nataka tuanze na kidogo kilichopo. Nimeomba uwanja wa shule moja hapa Uru, wamekubali tuutumie Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi. Nitaleta mbao mbili na vigingi. Kando ya uwanja kuna mfongo unaovukika. Baiskeli yoyote inaruhusiwa, mradi breki zifanye kazi.

Fundi wa Kiborloni

Nipo. Nitakuja na pampu yenye geji, viraka, na ndoo mbili.

Dada wa Tengeru

Tunakuja wawili, tutapanda Coaster ya alfajiri, baiskeli zitakaa juu.

Mzee wa Kibosho

Phoenix bado ipo stoo. Nimemwambia mwanangu anivulie keria.